Kulaza Gari la Bohari

Nyuma ya kiwanda cha matofali, kwenye safu ya mabanda ya magari, bomba kuu la joto la mji wa Yakutsk linapita juu ya ardhi kisha linakata kona. Pale konani kuna kiti cha nyuma cha basi dogo, na hakuna anayekumbuka kiling'olewa kwenye basi lipi. Kimeegemezwa bombani, mahali blanketi la bomba limechanika, kwa hiyo ukikikalia mgongo unachomwa na magoti yanaganda, na wanaume wa pale hawajui raha nyingine inayozidi hiyo. Hicho ndicho kijiwe. Chai ya maziwa huletwa na Nahodha kwenye chupa kubwa. Samaki huletwa na yeyote aliyepitia sokoni, akiwa ameganda mgumu kama ubao, anachongwa kwa kisu vipande vyembamba na kuliwa mbichi kwa chumvi na pilipili manga. Ubishi huletwa na wote.

Ilikuwa mwanzoni mwa Novemba, baridi ya kuanzia tu, ile ambayo mtu bado anaweza kuvua glovu akachokoa pua. Pantoni zilikuwa zimeshafungwa. Mto wenyewe pale hautajwi jina, huitwa Bibi, kwa heshima na kwa woga, na siku zile Bibi alikuwa bado anajigeuzageuza kitandani: mapande ya barafu yakisukumana, si maji ya kupita pantoni wala barafu ya kupita gari.

Mwenye shughuli siku hiyo alikuwa Terenty, mtunza stoo mstaafu. Kijiweni hana jina jingine ila Bohari, maana bandani kwake kuna kila kitu isipokuwa nafasi. Alikuwa ametangaza kwamba gari lake, la Kijapani, usukani kulia, analilaza, haliwashwi tena mpaka Mei.

Sababu aliyoitoa ni kwamba gari limechoka. Sababu yenyewe aliimeza pamoja na chai. Mkewe, Praskovya, alivuka na pantoni ya mwisho kwenda ng'ambo kukaa na binti yao Sargylana, anayetarajia kujifungua Januari. Makubaliano yalikuwa kwamba barafu ikishika na barabara ya mtoni ikifunguliwa, Bohari avuke na gari, awepo mtoto akizaliwa, naye ndiye ampe jina. Bohari alisema sawa, tena kwa furaha. Lakini Februari iliyopita, katikati ya barabara hiyo hiyo, lori lililokuwa mbele yake lilizamisha magurudumu ya nyuma, na barafu ikatoa mlio ambao mpaka leo anausikia akizima taa. Dereva wa lori alitoka mzima, anacheka. Bohari aligeuza gari, akarudi nyumbani, akamwambia mkewe barabara imefungwa. Tangu hapo hajakanyaga barafu ya mto hata kwa unyayo. Sasa gari likilala, nani atamlaumu? Mtu havuki na gari lililolala. Ndivyo alivyojiambia, na kila alipojiambia aliona aibu.

— Betri nimeshaitoa, — alisema, akiibwaga kwenye theluji mbele ya kijiwe.

— Utailaza wapi? — aliuliza Redio. Huyu ni Gavril, dereva wa basi wa zamani, anayetangaza habari kabla hazijatokea.

— Ndani, kwenye joto. Kitandani, upande wa Praskovya.

— Praskovya akirudi atakuta umeoa.

— Na mke mwenyewe mtulivu, — aliongeza Hazimi, — ila ukimshika vibaya anakupiga shoti.

Hazimi ni Nyurgun, dereva teksi, mdogo wao wote, kwa hiyo yeye ndiye mmimina chai. Jina amelipata kwa sababu huwasha injini Oktoba na kuizima Aprili. Hata wakati huo teksi yake ilikuwa inanguruma nyuma yao bila mtu ndani.

— Ila mimi hii habari ya kulaza siielewi, — alisema. — Gari si dubu. Washa, acha, kwisha habari.

— Na petroli? — aliuliza Bohari.

— Petroli si kitu, kaka. Mke wangu ameshazoea ule mngurumo dirishani. Usiku mmoja ilizima yenyewe, akashtuka akaanza kunililia, anadhani nimekufa.

— Huyo mpuuze, — alisema Nahodha. Nahodha, yaani Spiridon, alifanya kazi pantonini maisha yake yote, chini, chumba cha injini. Usukani hakuwahi kuugusa, lakini huongea kama aliyeuzaa. — Gari hulazwa kwa utaratibu. Handbreki umeiachia?

— Nimeiachia.

— Maana mwaka juzi uliikaza, breki zikagandiana, tukashinda tunachemsha maji. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Guu la nani? Lililogoma lilikuwa gurudumu.

— Mkuu ni mimi. Guu utalijua mwenyewe. Umeliinua juu ya magogo?

— Limekaa juu ya magogo, tairi zinaelea. Mpira wa milango nimeupaka mafuta. Maji ya kuoshea kioo nimeyamwaga. Waipa nimezinyanyua.

— Tangi?

— Nusu.

— Nusu! — Nahodha aliweka kikombe chini. — Lijaze pomoni. Tangi likiwa nusu, hewa ya ndani inatoka jasho, jasho linaganda, Mei unanyonya barafu.

— Limwagwe lote! — Redio alidakia. — Petroli ikikaa inachacha kama maziwa.

— Nani kakwambia?

— Haba na haba hujaza kibaba.

— Hiyo inahusu nini hapa?

— Inahusu tangi.

Bohari aliitikia kwa wote wawili. Hakujali likijazwa au likimwagwa. Alichopenda ni kwamba kila ushauri ulilisogeza gari mbali zaidi na mto, na kila walipozidisha alijisikia mwepesi. Akachonga samaki, akawagawia.

— Na panya? — alisema Hazimi. — Mimi jirani yangu alilaza gari, panya wakahamia kwenye kiti cha dereva. Alipofungua mlango walimtazama kama yeye ndiye mgeni.

— Panya wanaingilia ekzosi, — alisema Redio. — Ekzosi izibwe. Kwa kiazi.

— Kiazi kikiganda kinapasua bomba, — alisema Nahodha.

— Basi kwa samaki. — Redio alimnyanyua samaki kwa mkia. — Huyu ameshaganda, hana pa kugandia tena.

— Haingii, — alisema Nahodha. — Mnene.

— Samaki mkunje angali mbichi!

— Huyo ni mbichi. Haya, mkunje nione.

Redio aliweka samaki gotini, akavuta pumzi, akabana. Samaki alimchoropoka, akampiga Hazimi kwenye ugoko, akaanguka thelujini mzima kabisa. Hazimi alitukana mpaka chai ikapoa.

— Tumuache samaki, — alisema Redio alipomaliza kucheka. — Tuweke paka ndani ya gari. Paka akiwemo, panya hasogei.

— Paka ataganda.

— Awekewe hita.

— Hita inataka injini iwake.

— Si ndivyo nilivyosema mimi? — Hazimi aliruka, akisugua ugoko. — Usizime! Toka mwanzo nimesema usizime!

Nahodha alinyoosha mkono kuwatuliza, kama anavyofanya mtu anayekaribia kusema kubwa.

— Mnahangaika na panya, jambo lenyewe mnaliacha. Tazameni farasi wetu. Baridi inapasua miti, yeye yuko nje, anakwangua theluji, anakula nyasi zake. Umewahi kuona farasi anasukumwa ili awake?

— Sijawahi.

— Siri ni nini? Mafuta. Anaingia baridini ana mafuta vidole vinne mgongoni. Kwa hiyo oili yote ya injini mwaga. Jaza mafuta ya farasi.

— Ninayo, — alisema Bohari. — Debe zima, bandani.

Watatu wale walitazamana. Bohari alidhani wanalishangaa hilo debe.

— Utamwaga mafuta ya farasi kwenye injini? — aliuliza Hazimi polepole.

— Kama ni kwa faida yake.

Redio alijipangusa masharubu yaliyoganda chai. Macho yalimwaka.

— Basi ngoja nikupe la mwisho. Farasi ni mtoto mdogo. Nani bingwa wa kulala kwenye hii nchi? Mamothi, yule tembo wa kale! Amelala ardhini babu wa babu zetu hawajazaliwa, anafukuliwa ana manyoya yake, ana ngozi yake, ana majani mdomoni hajamaliza kutafuna. Nani alimtolea betri? Nani alimpandisha kwenye magogo? Dawa ya moto ni moto, na dawa ya baridi ni baridi. Tuchimbe shimo, tulifukie.

— Ardhi sasa hivi ni chuma, — alisema Nahodha, lakini midomo ilikuwa inamtetemeka.

— Sululu ninazo, — alisema Bohari.

Hakuna aliyecheka, na Bohari hakuelewa kwa nini.

Hapo ndipo alipotokea mwanamke kijana, kofia ya manyoya imemshuka machoni, ameshika kufuli mkononi. Alikuwa Tuyara, mwalimu wa hesabu, mpangaji mpya wa banda la jirani.

— Wazee wangu, samahani. Kufuli limeganda, ufunguo hauingii. Kuna mwenye maji ya moto?

— Mgeni njoo mwenyeji apone! — alisema Nahodha, akijisogeza kumpisha mahali bomba linapochoma zaidi. — Kaa, mwalimu. Kufuli liweke kwenye bomba hapo, litayeyuka lenyewe. Hazimi, mmiminie.

— Tena umekuja wakati wa mtihani, — alisema Redio, ambaye hawezi kumwona mtu asiyejua habari akamwacha salama. — Huyu mzee anaitwa Bohari. Gari lake tunalilaza mpaka Mei. Mkewe yuko ng'ambo, binti yao anajifungua Januari, na jina la mtoto atalitoa yeye Bohari. Sasa tumefika kwenye shimo. Wewe kama mtu wa hesabu, shimo la gari moja lina kina gani?

Tuyara alitafuna samaki, akameza, akamgeukia Bohari.

— Mtoto anazaliwa Januari.

— Ndiyo, binti yangu.

— Na gari linalala mpaka Mei.

— Ndiyo.

— Sasa baba, kwa mtoto utafikaje?

Bohari aliinama, akaanza kupangusa theluji kwenye betri. Hazimi alimtazama samaki. Nahodha alifungua chupa ya chai, akachungulia ndani, akaifunga. Redio naye, kwa mara ya kwanza tangu kijiwe kiwepo, alizimika.

— Nimeuliza vibaya? — alisema mwalimu.

— Umeuliza vizuri, — alijibu Nahodha. — Ila sisi toka asubuhi tunalizunguka swali hilo hilo kama mbwa anayetafuta pa kulala.

— Nani analizunguka? — Bohari alipandisha sauti. — Tunazungumzia gari hapa!

— Bohari, ndugu yangu. Umekubali mafuta ya farasi.

— Ungemkubali na samaki, — alisema Hazimi. — Kisa tu hakuenea.

— Na sululu ukataka kuzileta, — alisema Redio. — Tulisema tukuzidishie mpaka ukatae, ucheke, yaishe, useme mwenyewe. Hukatai! Ningesema tulichome moto ungeniuliza kiberiti au petroli.

Bohari alikichomeka kisu kwenye samaki.

— Niseme mwenyewe nini? Mnajua nini nyie?

— Dereva wa lile lori ni mtoto wa dada yangu, — alisema Nahodha taratibu. — Alisema kuna gari nyuma yake liligeuza. Usukani kulia, mlango mmoja wa rangi nyingine. Mlango ule mimi ndiye niliyekusaidia kuupachika.

— Tangu lini mnajua?

— Tangu Februari.

Bohari aliwatazama mmoja mmoja, macho yakaishia kwa Redio.

— Na wewe? Wewe ulijua tangu Februari?

— Nilijua.

— Na hukutangaza?

— Hata kwa mke wangu. Kamuulize. — Sauti ya Redio ilikuwa ndogo, sauti ambayo hawakuwahi kuisikia. — Tumbo liliniuma wiki nzima, lakini nilinyamaza.

Bohari alitaka kukasirika, hasira haikuja. Alikuwa amewachukia kidogo kwa kumjua, na wakati huo huo aliwapenda kuliko siku zote. Akajikuta ameketi juu ya betri.

— Naogopa, — alisema. — Maji siyaogopi, nimekulia kwenye maji. Ni ule mlio. Nikiusikia, miguu inakuwa ya mtu mwingine.

— Ukiona barafu inalia, inajishika, — alisema Nahodha. — Ya kuogopwa ni iliyonyamaza.

— Usinipe tena nadharia zako.

— Hiyo ni kweli tupu.

— Na mafuta ya farasi?

— Hayo yalikuwa nadharia.

Hazimi alicheka, kisha akaacha kucheka.

— Unadhani mimi siogopi, mzee? Barabara ikifunguliwa navuka kila siku ya Mungu. Tukishuka tu kwenye barafu navua mkanda, nashusha kioo, koti nalitupa nyuma, mlango nauachia kidogo, na namwomba Bibi samahani mpaka tunatokea ng'ambo. Abiria wanadhani naimba. Mwaka jana mmoja aliniambia nina sauti mbaya. Twende na mimi Januari. Nitakubeba.

Bohari alifikiri. Ilikuwa njia nyepesi, na kwa muda mfupi aliitamani sana.

— Hapana, — alisema mwishowe. — Nikiwa nimekaa tu nitafumba macho njia nzima. Nikiendesha angalau miguu inakuwa na kazi. Na siendi kumpa mtoto jina huku natetemeka.

— Barabara inafunguliwa lini? — aliuliza mwalimu.

— Mwisho wa Desemba, Bibi akitaka.

— Basi muda upo. Mimi nina wanafunzi wanaoogopa mtihani mpaka wanatapika. Siku za kabla ya mtihani nawaingiza kwenye chumba chenyewe, wanakaa tu. Hawaandiki kitu. Wanatazama ubao, wanatoka.

— Na wanafaulu? — aliuliza Redio.

— Wengine. Lakini hawatapiki.

Bohari alinyanyuka. Akaitazama betri, akaitazama njia ya bandani kwake, akaikumbatia ile betri kifuani kama mtu anayeondoka na mtoto wake kwenye ugomvi.

— Mbao za kushushia gari ziko nyuma ya jokofu, — alisema. — Anayetaka kuja, aje kabla sijabadili mawazo.

Walilishusha kutoka kwenye magogo kwa kelele za watu kumi, ingawa walikuwa wachache. Betri ikarudishwa, boneti ikafungwa, ufunguo ukazungushwa. Gari lilikohoa, likasita, likawaka. Halafu ukazuka ugomvi mkubwa kuliko wa tangi, kwa sababu Nahodha, Redio na Hazimi wote walitaka kukaa nyuma, na nyuma kwenyewe wote walitaka mlangoni.

— Milango ni miwili, mko watatu! — alisema Bohari.

— Mimi nina umri, — alisema Nahodha.

— Mimi nina tumbo, — alisema Redio.

— Lakini mto haujaganda! — alisema Hazimi, aliyeishia katikati. — Hatuendi hata mtoni, tunaenda ukingoni!

— Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

— Nani kavua nguo, Redio? Nani?

Mwalimu alipanda mbele bila kumuuliza mtu. Kufuli lake lilibaki bombani, likitoa mvuke.

Bohari aliendesha taratibu, akapita kiwanda, akapita maghala, akashika barabara inayoteremka hadi mahali pantoni hutia nanga kiangazi, na ambapo wakati wa baridi magari hushukia kwenye barafu. Nyuma waliacha kubishana. Sauti ya Bibi ilianza kusikika hata kabla hajaonekana, mapande yakisagana, yakigongana, yakilia. Bohari akakanyaga breki.

Walisubiri. Gari halikusogea.

— Mbona tumesimama? — aliuliza Redio. — Mto wenyewe mimi naona mstari tu.

— Panatosha.

— Bohari, hapa si ukingoni! Hapa tuko karibu na nyumbani kuliko mtoni!

— Mwache, — alisema Nahodha.

Bohari alishusha kioo. Baridi iliingia pamoja na ule mlio, na hakuna aliyelalamika. Akasikiliza, magoti yakimgonga chini ya usukani waziwazi mbele ya mwalimu na mbele ya wote. Alisikiliza mpaka vioo vya nyuma vikapata ukungu kwa pumzi za wale wazee, na mpaka yeye mwenyewe akagundua kwamba bado yupo.

Halafu, bila mtu kumwambia, aliinua mguu. Gari lilijongea mbele urefu wake mmoja tu, likasimama tena.

— Kesho, — alisema, — tutaanzia hapa.